Njia ya baiskeli hufia kwenye makutano

Tanga haina haja ya kuhamasishwa kupanda baiskeli. Jiji ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na kukatana kwa mraba, na safari nyingi za kila siku hazizidi kilomita 4 au 5, yaani dakika 15 hadi 20 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Muuza mikate, fundi, mwanafunzi wa sekondari na mzee anayekwenda msikitini wote wako barabarani tangu zamani. Anayepanga njia za miguu na baiskeli katika jiji hili la watu karibu laki 4 hana kazi ya kuwatafuta waendesha baiskeli. Kazi yake ni kuwaondolea vikwazo.

Kasoro ni kwamba mipango ya aina hii hupenda kuanzia baharini. Huchorwa njia nzuri kutoka Bustani ya Jamhuri, ikapita hospitali ya Bombo, ikafika Raskazone. Minazi ipo, taa zipo, na kwenye picha za mradi watu wanakimbia jioni. Si mbaya, na upepo wa pale ni wa bure, ila hiyo ni njia ya Jumapili. Baiskeli zenye mzigo ziko ng'ambo ya reli: Ngamiani, Makorora, Msambweni, Mikanjuni, soko la Mgandini. Reli ndiyo iliyoligawa jiji tangu enzi ya Wajerumani, bandari na ofisi upande huu, makazi ya Waswahili upande ule. Mpango usioanza na namna ya kuivuka reli ni mapambo tu.

Kuhesabu kabla ya kuchora

Weka watu wawili kila kituo cha kuhesabia wapita njia kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 usiku, na fomu igawanywe kwa robo saa. Chagua Jumanne au Jumatano moja na Jumamosi moja. Epuka Ramadhani, maana ratiba ya mji mzima hugeuka, na epuka likizo za shule.

Fomu isiandike "baiskeli" tu. Tenganisha baiskeli tupu, yenye abiria, yenye mzigo, guta (baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu), mkokoteni na kiti cha magurudumu. Baiskeli iliyobeba madumu 4 ya lita 20 ina kilo 80 za maji nyuma ya tandiko na upana unaokaribia mita 1, na guta huvuka hapo. Mchoraji akichukua kipimo cha kitabu cha Ulaya, ambako baiskeli ni mtu na begi mgongoni, atajenga njia ya mita 1.5 ambayo siku ya kwanza muuza maji ataikwepa na kurudi kwenye lami. Kisha muuza maji ndiye atakayelaumiwa kwamba "watu wetu hawatumii miundombinu".

Baada ya hesabu, fuata njia za mkato. Kila kiwanja cha wazi kina mstari wa udongo uliokanyagwa hadi nyasi zikakataa kuota. Tembea nao na simu yenye GPS, uuweke kwenye ramani. Mstari huo ni kura iliyopigwa na maelfu ya miguu, na njia rasmi ikiupindisha zaidi ya mita 20 au 30 ili ipendeze, watu wataendelea kukata pale pale, safari hii juu ya maua yako.

Ardhi ni ya nani

Hapa ndipo miezi huliwa. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, za mjini ziko TARURA tangu 2017, reli ni ya TRC, bustani na miti ni ya halmashauri, nguzo ni za TANESCO, mabomba ni ya Tanga UWASA. Njia ya kilomita 3 inaweza kupita kwa wote sita. Pata barua ya kila mmoja, yenye tarehe na muhuri, kabla ya kutangaza zabuni, na katika barua hiyo waulize wana mpango gani wa kuchimba ndani ya miaka 5. Hata wakijibu hawana, laza mabomba mawili matupu ya milimita 110 chini ya kila mahali njia inapokata barabara, kina kisichopungua sentimita 60, midomo imezibwa, na jiwe la alama juu yake. Bomba tupu ni bei ndogo sana ukilinganisha na kuona fundi wa maji akivunja kazi ya mwezi jana kwa sururu.

Sheria mbili zinampa mpangaji ardhi ambayo tayari ipo. Ya kwanza ni Sheria ya Barabara ya 2007, iliyopanua hifadhi (ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara) ya barabara kuu na za mkoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Ndiyo asili ya zile alama za X, nyekundu na kijani, kwenye kuta za watu. Kwenye barabara ya kuelekea Segera au Horohoro, njia ya baiskeli ikae ukingoni kabisa mwa hifadhi, mbali na lami. Ikibandikwa kando ya lami, siku barabara itakapopanuliwa itakuwa ya kwanza kufyekwa.

Ya pili ni Sheria ya Mazingira ya 2004, inayozuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito na maziwa. Ukanda huo hutamaniwa sana kwa sababu majumba hayatakiwi humo, lakini unambana mpangaji pia: kuta za zege, misingi na vibanda vya kudumu haviendani nao. Humo tumia moramu iliyoshindiliwa au vitofali vilivyolazwa juu ya mchanga bila saruji, viti vinavyoweza kuhamishwa, na wahusishe wasimamizi wa mazingira wa taifa mchoro ukiwa bado wa penseli.

Kuhusu viwanja vya wazi, mlolongo ni huu. Tafuta mchoro wa mipango miji wa eneo husika, uone kama kiwanja kimeandikwa eneo la wazi au kimeshabadilishwa matumizi. Mpeleke mpima akatafute bikoni, yaani alama za mpaka, na kuzirudisha zilizong'olewa. Fuatilia hati kwa jina la halmashauri. Wakati hati inasubiriwa, kiwanja kitumike: panda miti mpakani, waache watoto wacheze chandimu, serikali ya mtaa ifanyie mikutano humo. Kiwanja kinachotumiwa na watu 200 kila jioni huvamiwa kwa shida. Chenye kibao tu cha "ENEO HILI NI MALI YA SERIKALI" huota karakana ndani ya mwaka.

Upana, na kilicho chini ya tairi

Njia ya baiskeli ya upande mmoja iwe mita 2, ili mwenye haraka ampite mwenye mzigo. Ya kwenda na kurudi iwe mita 3, mita 2.5 ni kwa sehemu fupi iliyobanwa. Njia ya miguu peke yake iwe na mita 2 zisizo na nguzo, kibanda wala shimo. Kando ya ukuta au mtaro ongeza nusu mita, maana hakuna anayeendesha akigusisha usukani ukutani. Matawi na vibao viwe juu ya mita 2.5. Mteremko wa kumwaga maji pembeni ni asilimia 2, yaani sentimita 6 kwenye upana wa mita 3. Ukizidi hapo kiti cha magurudumu kinavutwa mtaroni. Ukipungua, maji yanatuama.

Kwa mita 100 za njia yenye upana wa mita 2.5, hesabu ya vifaa inakwenda hivi. Tabaka la moramu la milimita 150 likishashindiliwa ni mita za ujazo 37.5, moramu iliyofumuka huhitaji theluthi moja hivi zaidi, kwa hiyo agiza kama 50, ambazo ni tripu 7 za tipa la mita za ujazo 7. Usishindilie zaidi ya milimita 150 kwa mkupuo, maana kompakta ndogo haifiki chini, na kile kisichofikiwa ndicho kitakachobonyea masika. Vitofali vya pevingi vya milimita 200 kwa 100 ni 50 kwa mita moja ya mraba, yaani 12,500, na ukiongeza vya kuvunjika agiza 13,000. Mchanga wa kulalia ni milimita 30, usizidi. Mafundi hupenda kuunenepesha ili kusahihisha moramu isiyosawazishwa, na matokeo yake ni mawimbi baada ya miezi mitatu. Unene wa kitofali ni milimita 60 kwa watu na baiskeli, 80 mahali gari litakapokata njia. Na ukingo wa zege pande zote mbili, mita 200, ukae kwenye zege mbichi. Bila ukingo vitofali vya pembeni hutambaa nje, mchanga unamwagika, na safu nzima inafumuka.

Kwa baiskeli, kitofali chenye kingo zilizokatwa kidogo hutetemesha mikono na kugonganisha mayai kwenye keria. Agiza chenye kingo za mraba, kipangwe kwa msuko kama ukili, kisiwe kwa safu zilizonyooka. Zege la milimita 100 lililokatwa viungo kila mita 2.5 hadi 3 ni laini zaidi na hudumu. Kwa mita hizo 100 ni mita za ujazo 25, na kwa mifuko 7 ya saruji kila mita ya ujazo unahitaji mifuko 175. Ubaya wake ni kwamba likivunjwa kupitisha bomba halirudi lilivyokuwa. Ndiyo maana ya yale mabomba matupu.

Makutano

Mita 400 za njia safi zinaweza kufutwa na mita 6 mbovu. Mama mwenye mtoto kwenye keria hapimi wastani wa usalama wa safari. Anapima pale alipoogopa zaidi, na kama pale anashuka na kusukuma, kesho anarudi kwenye njia yake ya zamani. Kwa hiyo chora makutano kwanza, kwa kipimo cha 1 kwa 200, kisha uyaunganishe. Kawaida hufanywa kinyume: njia inachorwa kwenye ramani ya mji mzima, na kwenye makutano mstari unakatika kwa sababu pale ni "pa mwingine". Mkandarasi anafuata mchoro, anaishia mita 5 kabla ya lami, na anaondoka na malipo yake halali.

Barabara ndogo inapoingia kubwa, njia ibaki kwenye kimo chake na gari ndilo lipande. Tuta bapa la kimo cha milimita 100, mpando wa mita 1 kila upande, na juu upana usiopungua mita 4. Liwekwe nyuma ya barabara kubwa kwa urefu wa gari moja, mita 5, ili gari linalokata kona lisimame pale bila kuziba njia wala kuacha mkia barabarani. Kona yenyewe ikazwe: mviringo wa mita 4 hadi 6 unatosha kwa gari dogo na bajaji. Ule wa mita 12, uliowekwa kwa ajili ya lori linalopita mara moja kwa wiki, unamruhusu kila dereva kukata kona bila kugusa breki.

Kwenye barabara pana weka kisiwa katikati. Baiskeli ina urefu wa karibu mita 1.9, kwa hiyo kisiwa cha mita 1.2 kinaacha gurudumu la nyuma mbele ya daladala. Mita 2.5 ndiyo sahihi. Ukingo unaposhuka kuelekea lami, tofauti ya kimo isizidi milimita 10. Mafundi huacha 40 kwa mazoea, na 40 inatosha kupindisha rimu ya baiskeli yenye mzigo na kumzuia kabisa mwenye kiti cha magurudumu.

Mitaro ni kadhia nyingine. Vifuniko vya chuma huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kisha shimo linabaki hadi mtu aingie. Tumia mifuniko ya zege yenye nondo. Kwa mtaro wa milimita 350, mfuniko wa milimita 500 kwa 400 na unene wa 80 una uzito wa kilo 38 hivi: watu wawili wanaunyanyua kusafisha mtaro, mwizi hana pa kuuuza. Acha matundu mawili ya kushikia, na ulaze mfuniko juu ya chokaa nyembamba ya saruji. Mfuniko unaocheza hupasuka. Mahali pa kuingizia maji, nafasi zikate mwelekeo wa safari, zisifuatane nao, maana tairi jembamba likishaingia kwenye ufa halitoki na mtu juu yake.

Na sasa reli. Upenyo wa kando ya chuma cha reli, unaopitisha ukingo wa gurudumu la treni, una milimita 60 hivi. Tairi la baiskeli la kawaida lina 40. Ukivuka kwa mshazari, gurudumu la mbele linaingia, linanaswa, na unaanguka, hasa mvua ikiwa imenyesha na chuma kinateleza. Kivuko kifanywe kwa pembe mraba, na kisiwe chini ya nyuzi 60 kwa hali yoyote. Pale ambapo njia inaikuta reli kwa mshazari, ipinde kwanza mita 10 kabla, ivuke ikiwa imenyooka, kisha irudi. Kati ya reli mbili (hapa ni mita 1 kamili) na nusu mita kila upande, jaza mabamba ya zege yanayoondoleka ili mafundi wa reli wafikie mataruma. Kokoto tupu hazivukiki kwa guta. Miti na vibanda vikae mbali na kivuko, ili anayevuka aione treni mapema na si kuisikia tu.

Bodaboda haizuiliki kwa nguzo. Guta lenye upana wa mita 1.1 lipite, gari la mita 1.6 lisipite: nafasi ya mita 1.4 inatosha, na kwenye njia ya mita 3 nguzo moja ya sentimita 20 katikati inaacha 1.4 kila upande. Ipakwe rangi nyeupe na ibandikwe kiakisi mwanga, kwa sababu usiku nguzo yenyewe ndiyo ajali. Pikipiki ina sentimita 80 tu kwenye usukani. Ukibana hadi isipite, umewafungia wenye viti vya magurudumu na wauza maji. Uliza badala yake kwa nini dereva wa bodaboda anaingia. Mara nyingi barabara ya kando ina mashimo, au njia yako inamwokolea mzunguko wa mita 300. Ziba mashimo, na kijiwe chao kipewe sakafu na kivuli nje ya mlango wa njia, kwa makubaliano na viongozi wa kijiwe. Madereva wanasikilizana wao kwa wao kuliko wanavyosoma vibao.

Kivuli na bustani

Joto la Januari na Februari huua njia kuliko lami mbovu. Kwenye barabara inayokwenda kaskazini hadi kusini, kama una pesa ya mstari mmoja wa miti, upande wa magharibi ndio wake, kwa ajili ya jua la alasiri. Barabara ya mashariki hadi magharibi haiokolewi na upande mmoja, maana asubuhi na jioni jua linakuja kwa urefu wa njia na mchana liko karibu na utosi. Pale matawi ya pande mbili yakutane juu. Mwarobaini na mkwaju huvumilia. Ufukweni mvinje hustahimili chumvi. Mkungu una kivuli kizuri kweli, lakini matunda yake huviringika chini ya tairi na mizizi yake huinua vitofali, kwa hiyo uwe penye viti, si kando ya baiskeli. Ile miashoki mirefu myembamba inayopendwa na wapambaji haina kivuli cha kumfaa hata mbuzi.

Shimo liwe sentimita 60 kwa 60 kwa 60, mita 1.5 kutoka ukingo wa njia, umbali wa mita 7 kati ya miti. Panda mwanzoni mwa masika. Kinga ya mbuzi iwe na kimo cha mita 1.5. Kiangazi cha kwanza kila mche upate lita 20 mara mbili au tatu kwa wiki. Kwa miti 140 ya kilomita moja, hizo ni lita 2,800 kwa raundi, kwa hiyo andika kwenye mkataba nani anayaleta na kwa chombo gani. Miche mingi hufa kwa sababu mkataba ulisema "kupanda" na haukusema "kumwagilia".

Bustani haihitaji ukubwa. Nusu hekta iliyo mita 400 kutoka mlangoni mwa watu, dakika 5 kwa miguu, ina kazi kubwa kuliko hekta 10 zilizo nje ya mji. Vinavyoifanya iishi ni maji ya kunywa, choo chenye mtu anayekitunza na kulipwa, viti vya zege vya kimo cha sentimita 45 kivulini, na nafasi halali ya muuza kahawa na mama lishe. Halmashauri nyingine huwafukuza wachuuzi ili bustani iwe "safi", kisha hushangaa ikigeuka maficho. Muuza kahawa ni mlinzi asiyelipwa: yuko pale saa 11 alfajiri, yuko pale saa 4 usiku, na anamjua kila mtu. Uzio, kama lazima uwepo, uwe wa kuonekana ndani na usizidi mita 1.2.

Sehemu ya bustani ishushwe sentimita 30. Mita za mraba 1,000 zilizoshushwa hivyo hubeba mita za ujazo 300, sawa na mvua ya milimita 50 kutoka kwenye paa na lami za mita za mraba 6,000. Maji yatoke ndani ya siku mbili kupitia bomba lililo chini kabisa, kwa kuwa mbu anahitaji takriban wiki moja ya maji yaliyotuama. Siku nyingine zote hapo ni uwanja wa chandimu.

Kuhusu makabidhiano, kipindi cha matazamio cha miezi 12, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, kipangwe kiwe na masika nzima ndani yake. Kazi ikipokelewa Februari, ukaguzi wa maana ni wa Aprili na Mei. Nenda saa moja baada ya mvua kubwa ukiwa na mbao iliyonyooka ya mita 3, rula na kopo la rangi. Dimbwi lenye kina cha zaidi ya milimita 5 liwekewe alama, vivyo hivyo kitofali kilichobonyea zaidi ya 10, mfuniko unaocheza, mche uliokauka na kila mahali maji ya mtaro yalipopanda juu ya njia. Piga picha zenye tarehe, mpe mkandarasi orodha kwa maandishi, na hati ya mwisho ya kupokea kazi isitiwe sahihi hadi mvua nyingine kubwa imepita juu ya marekebisho yake.